Teke la Baada ya Shangwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimepambana na kinyongo. Jumapili ya shukrani walitajwa wote: kwaya, wapishi, vijana wa vyombo. Mimi ninayeshika funguo za kanisa na kupanga viti tangu alfajiri sikutajwa. Basi Jumatano, saa ya maombi ya alfajiri, nikajifunika shuka nikalala. Nilipofika saa moja nilimkuta mama mmoja mzee mlangoni, kanga imelowa mvua, Biblia ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua utakuja, mwanangu."

Nikamkumbuka Neil Jenkins, mpiga mateke wa timu ya raga ya Wales. Tarehe 11 Aprili 1999, uwanjani Wembley, dakika zinayoyoma, Uingereza inaongoza 31-25. Scott Gibbs wa Wales akawachenga mabeki, akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi 5. Shangwe! Lakini tazama ubao: 31-30. Wales bado wako nyuma. Jenkins akauweka mpira chini, akapiga teke la pointi 2 linalofuata trai, ukapita katikati ya milingoti. 32-31. Mpaka leo watu husimulia mbio za Gibbs. Nani husimulia zile penalti 6 za pointi tatu tatu ambazo Jenkins alikuwa ameshazipiga mchana ule, moja baada ya nyingine, hata trai ile ya mwisho na teke lake zikatosha kuleta ushindi?

Mtu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kufikisha pointi 1,000 katika raga ya kimataifa, mwaka 2001. Alizikusanya tatu tatu, mbili mbili. Na hofu alikuwa nayo: alikuwa akitapika kabla ya mechi, kisha anaingia uwanjani.

"Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Tunaijua Luka 16:10 kwa kichwa. Sasa wewe uliyeacha kwaya kwa sababu hukupewa kuongoza wimbo, nani amekuambia sauti yako ya nyuma haihitajiki? Wewe uliyeacha kumtembelea yule mgonjwa kwa kuwa hakuna aliyekuona ukienda, yeye alikuona! Anahesabu siku tangu uje. Rudi, mpendwa. Usingoje kubembelezwa. Nenda leo, hata mikono mitupu, ukae kando ya kitanda chake.

Mama yule nimemwomba msamaha. Amenituma nimtafutie kiti chenye mgongo, magoti yanamsumbua. Nimeshakipata, nitakiweka karibu na dirisha.