Nilivyopiga hesabu ya klasta kabla ya kumjazia mpwa wangu kozi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yalipotoka, kila mtu hapa mtaani Umoja alikuwa na neno kwa mpwa wangu. "B+ hiyo? Uhandisi umeshaingia." Maneno kama hayo yananiudhi, maana yanawapotosha watoto. Gredi ya jumla haimpi mtu kozi. C+ inakuruhusu tu kuomba shahada. Kinachoamua kozi ni pointi za klasta, yaani alama zinazopigwa kwa kila kozi kulingana na masomo yake, na unaweza kuzikisia mwenyewe kwa kalamu na simu.

Nilijumlisha pointi za masomo manne yanayotakiwa na kozi (A ni 12, A- ni 11, unateremka hivyo), nikagawa kwa 48. Jumla ya masomo saba nikagawa kwa 84. Nikazidisha majibu hayo mawili, nikatafuta kipeuo cha pili, nikazidisha kwa 48. Mpwa wangu ana jumla ya 69. Hisabati 11, Fizikia 10, Kemia 9, Biolojia 10: hizo ni 40. Ikatoka 39.7 kwa uhandisi.

Sasa mchukue mtoto mwingine mwenye 69 hiyo hiyo, ila A zake ziko Kiingereza, Kiswahili na Historia, huku Hisabati, Fizikia na Kemia zikiwa B- na Biolojia B. Klasta yake ya uhandisi kwa Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia ni 36.1 tu. Mpigie hesabu ya sheria kwa lugha moja, Historia, Biolojia na Hisabati: inapanda hadi 40.2. Gredi ni moja, lakini kila mmoja ana mlango wake. Ndiyo maana napiga klasta ya kila kozi peke yake.

Makisio haya kwa kawaida huzidi pointi rasmi, kwa kuwa KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, huangalia ufaulu halisi katika somo, si gredi pekee. Kwa hiyo nilikata kama pointi tatu hivi. Ukishaingia kwenye tovuti yao ukaona klasta zako rasmi, tumia hizo, karatasi itupe.

Kazi tamu ilikuwa kulinganisha. Nilichora jedwali: kozi moja, vyuo vyote vya umma vinavyoifundisha, na pointi za aliyeingia wa mwisho kwa miaka mitatu hivi. Pointi hizo si sheria. Zinapanda waombaji wenye alama kubwa wakiongezeka, zinashuka nafasi zikiongezwa. Kozi ikiyumba kwa pointi mbili, nami nataka mpwa wangu aizidi kwa mbili ndipo niiite salama. Kozi ile ile huweza kuwa ngumu Nairobi na kupatikana katika chuo cha nje ya jiji, shahada ikiwa ni ile ile.

Halafu usijaze chaguo zote kwenye ukingo mmoja. Pointi zikipanda mwaka huo, zote zinapanda pamoja, unabaki mikono mitupu. Juu tuliweka kozi anayoitamani, iliyopita uwezo wake kidogo, katikati zinazolingana naye, chini mbili zenye nafasi ya kutosha. Hakikisha pia gredi ya kila somo: kozi ikitaka C+ ya Fizikia nawe una C, klasta ya 42 haikusaidii.

Maombi yaligharimu elfu moja na ushee, kwa M-Pesa. Ukikosa zote, usikate tamaa na usimlipe mtu wa saiba akujazie upesi. Subiri dirisha la marekebisho, yaani maombi yanapofunguliwa tena, uangalie kozi zilizobakiwa na nafasi, kisha urudie hesabu ile ile kwa kila moja.