Lori la Hajji lililoota mabawa

Simu ya Hajji ilinikuta naosha sufuria, saa mbili usiku, umeme umekatika na chaji ya simu iko asilimia 9. Huyu Hajji ana malori, si moja si mawili, na sisi ndo tulimwekea vile vifaa vya kufuatilia gari, halafu mimi ndo niliandika ile programu ya seva inayopokea habari za magari, kwa lugha ya C, kwa hiyo likiharibika kitu hakuna wa kumsukumia.

"Asalam aleykum kijana."

"Aleykum salaam Hajji, habari za jioni."

"Nimeongea na dereva wangu sasa hivi, yuko Mbarara anakula, nasikia mpaka sahani. Wewe unanionyesha lori liko Malaba. Limeota mabawa?"

Mtu asiyejua Uganda aelewe tu kwamba Malaba ni mpaka wa mashariki kwa Kenya na Mbarara iko kule magharibi, katikati kuna Kampala na foleni zake, ni zaidi ya kilomita 400. Na nikaangalia kweli, nusu saa iliyopita lilikuwa Mbarara, saa mbili kasoro dakika tano liko Malaba, dakika moja baadaye limerudi Mbarara. Nikamwambia Hajji ni mtandao. Mungu anisamehe, haikuwa mtandao.

(Nimekulia Busia, mpakani na Kenya, ndo maana naandika Kiswahili, nyie wenzangu wa Kampala mnaonicheka kwa hilo chekeni taratibu.)

Sasa nieleze programu ilivyokuwa. Kila lori likiunganika na seva, natengeneza kitu kwenye memori, nakiita kikao, ndani yake kuna namba ya kifaa, mwenye gari, mahali lilipoonekana mwisho na kadhalika. Vikao vyote vinakaa kwenye jedwali moja. Sehemu zingine za programu hazishiki kikao chenyewe, zinashika hendeli, yaani namba tu.

Hendeli ni nini? Ukiingia supamaketi hapa mjini na begi, kuna dada anakaa mlangoni, anachukua begi lako anaweka kwenye kijumba cha mbao, anakupa kibati kina namba 14. Wewe ndani huko huna begi, una 14. Huwezi kufungua begi kwa kibati, lazima urudi kwa dada, na dada akiamua kuhamisha begi lako kutoka kijumba cha chini kwenda cha juu haikuhusu, mradi yeye anajua 14 iko wapi. Ndo hivyo tu. Faili deskripta za Linux ni hizo hizo, ukiita open (amri ya kufungua faili) unapewa namba, 3 au 4, sababu 0, 1 na 2 mara nyingi zina wenyewe tayari, na faili lenyewe liko ndani kwa kerneli, kiini cha mfumo, ambako mkono wako haufiki. Windows nao wana za kwao, zile zinaruka nne nne, 4, 8, 12, sababu biti mbili za chini (biti ni tarakimu ya 0 au 1) hazihesabiwi.

Mwanzo mimi sikuwa hata na namba, nilikuwa natembeza pointa, yaani anwani ya kikao kwenye memori. Pointa zilinitesa kwa sababu jedwali likijaa nilikuwa naita realloc, amri ya C ya kupanua memori, na realloc inaweza kuhamisha kila kitu kwenda sehemu nyingine ya memori, sasa yule aliyeshika pointa ya zamani anabaki anaelekeza kidole kwenye kiwanja ambacho nyumba imeshabomolewa. Programu ilikuwa inaanguka kila wiki. Nikabadilisha, nikaweka indeksi, kikao cha 37 ni nafasi ya 37 kwenye jedwali, basi. Kuanguka kukaisha na nikajiona fundi.

Kumbe nilikuwa nimebadilisha ugonjwa unaopiga kelele kwa ugonjwa wa kimya. Pointa iliyooza mara nyingi (si mara zote) inaangusha programu, unaamka, unakasirika, unatafuta. Indeksi iliyooza haiangushi kitu. Inajibu. Inajibu kwa adabu kabisa, ila jibu ni la mtu mwingine.

Usiku ule ilikuwa hivi. Lori la mtu mwingine kabisa liko Malaba linatuma mahali lilipo. Ile pakiti, yaani huo ujumbe, inaingia kwenye foleni ikiwa imeandikwa tu "imetoka kwa 37", sababu vifaa vyetu vinajitambulisha mara moja tu mwanzoni vikiunganika, baada ya hapo vinatuma latitudo na longitudo bila kusema mimi nani. Kabla thredi ya kuchambua (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, inaweza kuwa nyingi kwa pamoja) haijaifikia, mtandao wa lile lori ukakatika, kikao kikafungwa, nafasi 37 ikawa wazi. Sekunde hiyo hiyo lori la Hajji kule Mbarara likaunganika upya, likapewa nafasi gani? 37! Sababu orodha yangu ya nafasi wazi ilikuwa kama rundo la sahani, ya mwisho kuwekwa ndo ya kwanza kuchukuliwa. Halafu thredi inaamka, inachukua pakiti, 37 ni nani, ni Hajji, haya Hajji yuko Malaba.

Na si mimi peke yangu, hata faili deskripta zina tabia hii, tena kwa sheria, POSIX, kanuni za mifumo ya aina ya Unix, inasema open lazima irudishe namba ndogo kuliko zote iliyo wazi. Kwa hiyo thredi moja ikifunga 7 na nyingine ikafungua faili mara moja, karibu hakika itapewa 7, na kama kuna wa tatu alikuwa bado ana 7 ya zamani ataandika logi zake (kumbukumbu za matukio) ndani ya faili la watu. Ndo maana pia kwenye Linux close ikikurudishia EINTR (kosa la kukatizwa njiani) usirudie kuifunga, namba imeshaachiliwa tayari, ukirudia unaweza kufunga ya jirani. Hii nilijifunza kwa njia ya uchungu lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Dawa nilikuwa nimeishika mfukoni bila kujua. Miezi kadhaa nyuma pale supamaketi kulikuwa na foleni, nikachukua begi langu na dada akasahau kudai kibati, nikaenda nacho hadi nyumbani. Wiki mbili baadaye nikakikuta kwenye suruali nikamrudishia. Akakiangalia akacheka, "Hii ya zamani ssebo, siku hizi ni vya kijani." (Ssebo ni bwana, kwa Kiganda.) Walikuwa wamebadilisha vyote. Hata ningekuwa mwizi nikaja na 14 nyekundu kudai begi lililoko kwenye 14, angeona rangi tu angejua.

Hiyo rangi ndo kizazi. Kila nafasi kwenye jedwali ina kihesabio chake, ukifunga kikao unaongeza moja. Hendeli haiwi indeksi peke yake, inakuwa indeksi na kizazi vimefungwa pamoja kwenye namba moja, mimi nilianza na biti 32, za chini 20 ni indeksi, za juu 12 ni kizazi:

kizazi << 20 | indeksi (yaani sogeza kizazi biti 20 kwenda juu, halafu unganisha na indeksi)

Mtu akija na hendeli, unachukua indeksi, unaenda kwenye nafasi, unalinganisha kizazi alichonacho na kilichoko pale. Vikitofautiana unamwambia hii ya zamani ssebo. Inakugharimu kulinganisha namba mbili, hakuna kitu hapo. Pakiti ya Malaba ingekuja na 37 kizazi cha 5, jedwali lina 37 kizazi cha 6, inatupwa, Hajji anakula chakula chake kwa amani.

Kizazi anzia 1, usianzie 0. Ukianzia 1 hendeli 0 haiwezi kuwa halali hata siku moja, kwa hiyo struct (kifurushi cha data kwenye C) yoyote uliyoisafisha kwa sifuri na ukasahau kuijaza itakataliwa yenyewe. Waliounda Windows hapa walituachia mtego, CreateFile ikishindwa inarudisha -1, CreateEvent ikishindwa inarudisha 0, na hiyo -1 ukiipeleka kwenye fanksheni nyingine inamaanisha "prosesi hii hii yangu", yaani programu yenyewe inayoendeshwa. Yani kosa lako linageuka kuwa kitu halali. Chagua alama moja ya "hakuna" na ubaki nayo.

Sasa pale kwenye biti 12 nilijiona nimemaliza, nikaenda Wandegeya, hapa Kampala, nikala kikomando (chapati na maharage) nimetulia kabisa. Nikiwa pale natafuna chapati ndo nikapiga hesabu. Biti 12 ni 4096, toa sifuri, 4095. Kifaa kibovu kinachounganika na kukatika kila sekunde, na tunavyo vya hivyo vingi tu, na orodha yangu ya sahani inayorudisha nafasi ile ile kila mara, kizazi kitazunguka kurudi kilipoanza baada ya sekunde 4095, saa moja na dakika 8 hivi. Baada ya hapo kibati chekundu cha zamani kinafanana tena na kibati kipya. Na indeksi biti 20 ni nafasi 1,048,576, malori milioni moja nitayatoa wapi mimi.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza orodha ya nafasi wazi nikaigeuza iwe foleni ya kweli, aliyetoka wa kwanza ndo anarudi wa kwanza, na nafasi haitumiki tena mpaka kuwe na angalau 64 zingine wazi nyuma yake, hivyo kifaa kibovu hakigongi nafasi moja, kinazunguka. Orodha yenyewe haihitaji memori ya ziada, nafasi iliyo wazi haina kikao ndani kwa hiyo naandika humo humo indeksi ya inayofuata. Pili nikahamia biti 64, 32 za indeksi na 32 za kizazi. Hata nafasi moja ikibadilishwa kila sekunde ni miaka 136 kabla haijazunguka, na hapo Hajji na mimi tutakuwa tumeshapumzika. Kama mashine yako ni ndogo na biti 64 ni anasa, basi kizazi kikifika mwisho istaafishe ile nafasi, usiitumie tena, unapoteza baiti chache tu.

Ile ya realloc nayo nikaimaliza, jedwali sasa ni vipande vya nafasi 256, kikijaa naongeza kipande kingine na vya zamani havihami. Hapa wapo watakaosema kama vikao havihami basi rudi kwenye pointa. Hapana. Pointa haina rangi.

Kilichonichukua muda kuliko vyote ni thredi. Kuangalia kizazi ni sawa, lakini ukishaangalia, ukapewa kikao, na kabla hujakitumia thredi nyingine ikakifunga, umebaki na maiti mkononi. Kwa hiyo kutafuta kwenye jedwali lazima kufanyike ndani ya kufuli (thredi moja tu kwa wakati mmoja), na kabla hujaachia kufuli unaongeza hesabu ya wanaokitumia. Kufunga hakumaanishi kufuta memori, kunamaanisha kuongeza kizazi ili asiingie mtu mpya, halafu anayetoka wa mwisho, hesabu ikifika sifuri, ndo anazima taa na nafasi inarudi kwenye foleni. Mimi mara ya kwanza niliongeza hesabu baada ya kuachia kufuli, mstari mmoja tu chini, na hiyo ilinila siku nne nzima kwa sababu kwenye laptopu haikutokea kabisa, ilikuwa inatokea kwa seva tu tena malori yakiwa mengi asubuhi.

Kitu kingine kidogo, usitumie uint64_t (namba ya biti 64) tupu kwa hendeli zote. Ifunge ndani ya struct yenye jina lake, ya kikao iwe aina moja, ya saa za kuamsha (taimeri za programu) iwe aina nyingine, hapo ukichanganya kompaila, ile inayotafsiri kodi kwa mashine, ndo itakupigia kelele, si Hajji.

Na hesabu hendeli zilizo wazi, uziandike kwenye logi kila dakika. Kuna njia moja ya makosa nilisahau kufunga soketi (muunganiko wa mtandao, Linux inauhesabu kama faili), vikao vikawa vinavuja polepole, na Linux kwa kawaida inaruhusu faili 1024 tu kwa prosesi, siku moja malori yote mapya yakagoma kuingia wakati ya zamani yako sawa kabisa. Ningekuwa na ile hesabu ningeiona inapanda kama bei ya sukari. Siku hizi naangalia na /proc/self/fd pia, ambako Linux inaorodhesha faili zilizo wazi.

Logi sasa inaandika kila hendeli iliyokataliwa, hivi: "37, kizazi 5, sasa ni 6". Wiki ya kwanza nilidhani nitaona moja au mbili. Zilikuwa zinaingia kila siku, hasa jioni, zile saa malori yanapangana Malaba na mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo Hajji ndo pekee aliyepiga simu, malori mangapi yaliruka bila mwenyewe kuangalia sijui, na sijui kama nataka kujua.

Zile saa za kuamsha bado zinatumia indeksi tupu. Nitazibadilisha Jumamosi, umeme ukirudi.