Nilivyoosha injini ya Carina kwa kumbi la nazi na pampu ya baiskeli

Fundi mmoja hapa Ngamiani, Tanga, aliona tone la oili chini ya gari langu, akainama, akaligusa, akalinusa, akatoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isivuje upande wa gia boksi, imekufa, gia boksi lishushwe. Nikamuuliza amejuaje, na injini yote imefunikwa na uchafu? "Bosi, hizi Carina tunazijua." Basi.

Nilishabeba machungwa ya Muheza na hilo gari miaka mingi. Vumbi jekundu likichanganyika na oili linaganda kama halua, hata ukikwangua kwa bisibisi halitoki. Nikasema kabla sijalipa laki na ushee za kushusha gia boksi, kwanza niione injini yenyewe.

Hapo ndipo nilipojitia ujinga. Nimetoka Muheza moja kwa moja, injini inachemka, nikaingia sehemu ya kuosha magari. Kijana akafungua boneti, akaachia mashine ya presha kama anazima moto. "Waja leo, waondoka leo," ananitania. Kweli niliondoka, lakini gari linatetemeka kama lina homa, taa ya injini inawaka, na nikikanyaga mafuta linakohoa. Kabla sijafika nyumbani nilipitwa na mwenye baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa. Akanipungia mkono.

Ushauri ukaanza kumiminika. Liache lingurume, litajikausha. Nililiacha nusu saa, nikachoma petroli bure. Injini hii ya kamu mbili, zile shafti za juu zinazofungua valvu, plagi zake zimezama kwenye visima katikati ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, na maji yakishaingia humo hayana pa kutokea. Nikachomoa waya za plagi, nikachungulia: visima viwili vimejaa pomoni. Nimeshashika spana nifungue plagi, mzee jirani anayetengeneza baiskeli akapiga kelele, "We mwanangu! Ukifungua sasa hivi maji yote yanaingia kwenye silinda!"

Akaja na pampu yake ya baiskeli. Mpira wa pampu ukaingia kisimani, nikasukuma mara moja kwa nguvu, maji machafu yakaruka yote usoni kwangu. Watoto wa mtaa walicheka mpaka wakakaa chini. Nikarudia, safari hii kichwa nimekigeuzia pembeni, kisha nikamalizia na kitambaa kilichozungushwa kwenye spoku. Gari likawaka, likatulia. Mashine ya presha ya mtu ilishindwa na pampu ya Tanga!

Wiki mbili baadaye nikaanza upya, asubuhi, injini baridi kama mtungi. Terminali ya hasi nikaitoa. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nilikusanya mifuko ya mkate, nikaivisha altaneta, distribyuta, boksi la fyuzi na mdomo wa kisafisha hewa, nikaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kuna aliyeniambia nitumie petroli. Mimi nina familia. Mafuta ya taa nayo yanavimbisha mipira, achana nayo. Nilitumia sabuni ya maji, nikaiacha ilowe, nikasugua kwa kumbi la nazi. Linakwangua halua lote bila kukwaruza aluminiamu. Kwenye pembe, mswaki uliochakaa. Maji ni ya kopo, kidogo kidogo. Ule ungaunga mweupe kwenye terminali za betri niliumaliza kwa magadi ya mama watoto, yale ya maharage, kwenye maji ya moto. Yakatoa povu kama soda. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani.

Kumbi moja, sabuni ya buku mbili tatu, na ugomvi mdogo wa magadi.

Gari likakauka juani mpaka alasiri. Nikaenda Pongwe nikarudi, nikafungua boneti na tochi mkononi. Kwenye chuma kilichotakata kulikuwa na mstari mmoja mwembamba unaometa, umeanzia pembeni mwa tapeti kava, ukateremka mpaka pale injini inapokutana na gia boksi, ndipo ukadondoka. Gasketi ya tapeti kava, ule mpira unaoziba ukingo wake! Nilinunua nyingine, nikaifunga mwenyewe uani kabla ya magharibi.

Fundi wangu alipita kesho yake, akachungulia kimya muda mrefu.

"Bosi, mbona umeosha? Unaliuza?"