Usalama, sawa, ila mtuonyeshe basi

Mimi kila nikisikia mtu anasema ati lazima tuachie uhuru kidogo ili tuwe salama, huwa nauliza, huo usalama wenyewe uko wapi tuuone?

Chukua Marekani. Juni 2013 nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyekuwa mkandarasi wa NSA (shirika la Marekani la kunasa mawasiliano), zinatoka, watu wanagundua mahakama ya siri ilishaiamuru kampuni ya simu ya Verizon iwape NSA rekodi za simu za wateja kila siku, yaani si za washukiwa, za kila mtu tu. Na Machi mwaka huohuo James Clapper, bosi wa ujasusi wote, alishaulizwa na seneta Ron Wyden kama NSA inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani, akajibu hapana, si kwa makusudi. Mbele ya kamera kabisa.

Watetezi wakasema tulieni, hatusikilizi maongezi, ni namba na muda tu. Tu! Mtu asubuhi kapigiwa na kliniki ya saratani, hapohapo kampigia mamake wameongea lisaa lizima, mchana kamtafuta mwanasheria wa mirathi, sasa hapo we unataka kusikia nini tena?

Alafu bodi ya serikali yenyewe ya mambo ya faragha ikachambua, Januari 2014 ikasema haijaona hata tishio moja dhidi ya Marekani ambapo hizo rekodi zilileta tofauti ya maana kwenye uchunguzi. Kesi ambayo watetezi wa mpango huo walikuwa wanajivunia ilikua ya dereva teksi wa San Diego aliyewatumia al-Shabaab dola elfu kadhaa.

Sisemi ujasusi ufutwe, magaidi wapo. Una mshukiwa, nenda kwa hakimu, eleza sababu, upewe kibali, mfuatilie hadi uchoke. Na hata kabla ya Septemba 11 CIA ilishawajua wawili kati ya watekaji wa ndege, taarifa ndo haikufika FBI mapema, kwahiyo pale hawakukosa data, walikosa kuambiana.

2015 Bunge likaipiga stop NSA kujizolea rekodi hizo, ila kifungu cha 702 cha sheria yao ya ujasusi kikabaki, kile cha kunasa mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani, ambapo meseji za Wamarekani wanaowasiliana nao zinanaswa humohumo na FBI wanazipekua bila kibali cha hakimu. Aprili 2024 likaja pendekezo la kuwalazimisha wachukue kibali kwanza, kura zikawa 212 kwa 212, na kwa kanuni zao sare ni kushindwa, kifungu kikaongezewa miaka 2.