Nilivyojifunza kutoa usumba na kusokota kamba

Mimi ni mtu wa Mjini, nimeolewa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kamba za nailoni zilikuwa zinawachubua shingo mbuzi wetu, nikamwendea mkwe wangu anifundishe kazi ya makumbi ya nazi, yanayotoa usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba.

"Kazi hiyo inanuka, mwanangu. Utaiweza?"

"Nitaiweza, mama."

Tulianza na makumbi mabichi ya nazi zilizofuliwa karibuni, maana yaliyokauka huchukua muda mrefu kulainika. Shimo huchimbwa pwani wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali. Unapanga makumbi, unafunika kwa makuti na mchanga, kisha unalundika mawe juu. Mawe usiyafanyie ubahili: makumbi huelea, na bahari ikiyachukua ndiyo basi tena. Kila mwanamke hulijua shimo lake kwa mpango wa mawe. Mimi naona pwani yote sawa tu.

Hapo ni kusubiri miezi. Huko chini bakteria hula ute unaogandisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe hubaki, kwa kuwa zina lignini nyingi, kitu kile kile kinachoupa mti ugumu wake. Ndiyo maana usumba unastahimili maji ya chumvi, na ndiyo maana mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba hizi bila msumari hata mmoja.

Kufukua ndio mtihani. Tope jeusi, harufu ya mayai viza, na kanga niliyovaa siku ile sikuitoa tena nje ya shamba. Tulikaa kwenye mawe, kumbi mkono wa kushoto, mti mkono wa kulia, tukaponda. Unaponda huku unageuza mpaka ganda la nje libanduke na unga udondoke, unasuuza baharini, unaponda tena. Mikono yangu ilivimba. Mkwe, na umri wake, alikuwa anapiga soga.

Usumba ulipokauka tukaingia kwenye kusokota. Siri yake iko kwenye mwelekeo: kila uzi unausokota kwenda mbele, kisha nyuzi mbili unazipota pamoja kurudi nyuma. Moja inataka kufumuka huku, nyingine kule, basi zinabanana zenyewe. Jengine, usiongeze usumba kwenye nyuzi zote mbili pahala pamoja. Ongeza kwenye mmoja, sokota kidogo, ndipo uongeze wa pili, la sivyo kamba itakatikia hapo hapo.

Nailoni ina kazi yake, sikatai. Kwenye kilimo cha mwani siwezi kuiacha. Lakini kwa mbuzi sirudi nyuma, na fundo la usumba halitelezi. Unga uliobaki nauacha upigwe na mvua utoke chumvi, halafu nauchanganya na udongo wa miche ya pilipili.