Mradi wa kikomo cha mchapuko, wiki ya 3: ile 1.0 iliyogoma

Wiki nzima programu yangu inanijibu 1.0 tu. Nikibadilisha namba, 1.0; nikiongeza nishati, 1.0; mpaka nikaanza kuhisi fomula ya Caianiello ndo ina kasoro na sio mimi (kiburi cha usingizi huo).

Kwa aliyeingia leo: Eduardo Caianiello, mwanafizikia wa Italia, 1981 alipendekeza kwamba chembe haiwezi kuchapuka (kubadili kasi au uelekeo) bila mwisho, kikomo chake ni 2mc³/ħ (m ni tungamo, c kasi ya mwanga, ħ namba ya Planck iliyogawiwa kwa 2π), kwa hiyo kila chembe ina cha kwake kutegemea tungamo. Elektroni inapata kama 4.65 × 10²⁹ m/s². Halafu kikomo hicho, tukiite A, kinaingia mpaka kwenye jiometria, mraba wa umbali wa anga-wakati unazidishwa kwa 1 − a²/A² (a ni mchapuko wa chembe, na hii ndo namba programu yangu inakokotoa), yaani chembe mbili za tungamo tofauti zinaweza kupita palepale na kila moja ikaona jiometria yake. Utamu uko hapo, na ugomvi na Einstein uko hapohapo, maana kwake vitu vyote vinaanguka sawa, tungamo halina kauli.

Sasa kosa langu. Nilichukua elektroni za LEP, ile mashine ya kugonganisha chembe ya CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya) iliyokuwa na mzingo wa 27 km, nikaweka v²/r kama vile ni gari linakata kona. Kumbe kinachotakiwa ni mchapuko inaouhisi elektroni yenyewe, inabidi uzidishe kwa mraba wa gama (namba inayokua kadiri kasi inavyokaribia ya mwanga), na gama pale ilipita 200,000, yaani nilipunja mara bilioni 40 na ushee! Nilivyorekebisha a²/A² ikatoka karibu 7 × 10⁻¹². Nilishangilia peke yangu kama mwehu. Elektroni ya hidrojeni kwenye mzingo wa Bohr (njia ya duara kuzunguka kiini cha atomu) ikanipa 4 × 10⁻¹⁴, safi.

Nikapeleka protoni za LHC, mashine nyingine ya CERN. 1.0 tena!! Ila safari hii fizikia haina kosa, desimali za kompyuta zinaishiwa pumzi kwenye tarakimu ya 16 hivi, na jibu lenyewe liko kwenye 10⁻²⁴. Dawa ni kutoitoa kwenye 1 kabisa, unatunza a²/A² peke yake.

Pembeni nikaiingiza A ya elektroni kwenye fomula ya Unruh (1976), inayosema kinachochapuka kinahisi joto, ikagota kwenye kelvini bilioni 1.9 hivi. Kesho naanza Schwarzschild (jiometria ya kuzunguka nyota au shimo jeusi), na humo sitoi kitu kwenye 1.