Neno Moja Tu

Kwa miaka saba mfululizo niliingia katika ibada ya mkesha wa mwaka mpya nikiwa na daftari dogo lenye malengo yangu ya kiroho. Orodha ya mwaka 2022 ilikuwa na malengo 11: kusoma Biblia nzima, kufunga kila Ijumaa, kuamka saa kumi alfajiri kwa maombi, kutoa zaka bila kuchelewa, kutokosa ibada ya jumuiya, kukariri mstari mmoja kila wiki, na mengine ambayo, nikisema kweli, yaliihusu kwaya kuliko yalivyoihusu roho yangu. Nafanya kazi katika ofisi inayotutaka kila mwaka tujaze fomu ya malengo yanayopimika, na sasa naona kwamba nilichokuwa nikifanya usiku ule wa mkesha ni kumjazia Mungu fomu ileile. Kufikia Desemba nilikuwa nimetimiza malengo saba kati ya 11, matokeo ambayo kwa vipimo vya ofisini hayamtii mtu aibu.

Nilikuwa katika kulitimiza lengo la kwanza nilipokutana na mtu aliyefanana nami. Katika sura ya 10 ya Injili ya Marko mtu mmoja anakuja mbio, anapiga magoti mbele ya Yesu na kumuuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Anatajiwa amri, naye anajibu, "Mwalimu, haya yote nimeyashika tangu utoto wangu." Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kutambua kwamba huyo ni mtu mwenye daftari, na kwamba daftari lake limejaa alama za vema kutoka juu hadi chini. Wala hatuambiwi kwamba alidanganya. Marko anasema Yesu alimkazia macho, akampenda. Kisha akamwambia, "Umepungukiwa na neno moja."

Wengi wetu tumelelewa na Biblia ya Muungano, ile iliyotoka kamili mwaka 1952, na katika Kiswahili chake "neno" si tamko la mdomo peke yake, bali ni jambo, ni shauri, na wakati mwingine ni kinyongo. Nilichukua kalamu nikaanza kulifuatilia. Mtunga Zaburi ya 27 anasema kwamba neno moja amelitaka kwa Bwana, nalo ndilo atakalolitafuta. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba yeye anatenda neno moja tu. Martha, aliyekuwa akisumbukia vitu vingi, anaambiwa kwamba kinatakiwa kitu kimoja. Nilifurahia utafiti wangu huo kwa jioni mbili, kama mtu anayeandaa somo la kuwafundisha wengine, mpaka nilipofika Mathayo 5:23, penye habari za mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake "ana neno juu yake". Hapo niliifunga Biblia, nikatoka nje.

Kaka yangu mkubwa na mimi tulikuwa hatujazungumza tangu mwaka 2018. Baba alipofariki tulirudi nyumbani Moshi kumzika, na baada ya mazishi ukoo ukakaa kuzungumzia kihamba. Msomaji asiyetoka Uchagani aelewe kwamba kihamba si shamba tu; ndipo walipozikwa wazee, ndipo penye migomba na kahawa waliyoipanda, na mpaka wake huonyeshwa kwa mstari wa masale, mimea ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeing'oa usiku. Mimi nilidai, mbele ya wajomba na baba wadogo, kwamba kaka alikuwa amesogeza masale hatua tatu upande wangu. Nililisema hilo kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, na nikaongeza jingine kuhusu namna alivyomuuguza baba, ambalo lilikuwa la uongo, nami nilijua kuwa ni la uongo wakati nalitamka.

Katika miaka yote ya daftari iliyofuata, jambo hilo halikuwahi kuandikwa hata mara moja. Sikulisahau, naweza kuapa kwamba kila mkesha lilinijia nikiwa nimeshika kalamu, nami kila mara niliandika lengo jingine mahali pake. Kuamka saa kumi alfajiri kwa miezi mitatu kulikuwa rahisi kuliko kupiga simu ya dakika tano. Orodha ndefu ilikuwa maficho. Kadiri nilivyoongeza malengo ndivyo nilivyopata mahali pengi zaidi pa kuonyesha bidii bila kugusa pale palipokuwa pakiuma. Sidhani kwamba ni mimi peke yangu, ingawa sitamsemea mwingine.

Sisemi kwamba kusoma, kufunga na kuamka alfajiri ni kazi bure. Kama nisingekuwa na lengo la kuimaliza Biblia, nisingefika Marko 10 siku ile nikiwa na kalamu mkononi. Ninachokataa ni kuviita vitu hivyo shabaha. Hivyo ni njia, na njia hupimwa kwa kule inakompeleka mtu.

Nilirudi kwa Paulo, safari hii bila haraka. Mara nyingi nimesikia ikihubiriwa kwamba anaposema anayasahau yaliyo nyuma, anazungumzia dhambi zake za zamani na majeraha yake, hasa Januari, watu wanapotaka kuuacha mwaka uliopita. Lakini tukisoma mistari iliyotangulia katika sura ya 3, yaliyo nyuma yake ni sifa zake: kutahiriwa siku ya nane, taifa la Israeli, kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, bidii ya kuliudhi kanisa, haki isiyo na hatia kwa mujibu wa torati. Ni mambo saba. Paulo naye alikuwa na daftari, na lake lilikuwa safi kuliko langu, naye anasema ameyahesabu hayo kuwa kama mavi, neno ambalo kanisani kwetu msomaji hulitamka kwa sauti ya chini kidogo huku akiharakisha kufika mstari unaofuata. Anaandika haya akiwa kifungoni, mahali ambapo mtu angetazamiwa kuzishikilia sifa zake kuliko kuzitupa.

Halafu inakuja sentensi ambayo naiona kuwa miongoni mwa zilizo nzuri zaidi katika tafsiri yetu: "nikiyachuchumilia yaliyo mbele; nakaza mwendo, niifikilie mede ya thawabu." Mede, yaani shabaha, ni neno ambalo sijalisikia mahali pengine popote. Lakini kuchuchumia kila mtoto anakujua, maana ni kusimama kwa ncha za vidole, visigino vikiwa juu, ili ukifikie kitu kilichowekwa juu ya kabati. Anayechuchumia hajafika, wala hakiangalii kitu kingine wakati huo. Tena hawezi kuchuchumilia vitu 11 kwa pamoja, kwa sababu mwili mzima umeelekea upande mmoja. Vilevile hachuchumii mtu kwa ajili ya kitu kilicho usawa wa kifua chake, na malengo yangu mengi yalikuwa ya usawa huo.

Kwa Wakorintho Paulo anatumia picha ya mbio na ngumi, nao waliielewa vizuri, kwa sababu karibu na mji wao, huko Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivishwa taji la majani ambalo lilinyauka. Anasema kwamba yeye hapigi mbio kama asitaye, wala hapigani kama apigaye hewa. Anayepiga hewa anatoka jasho kama bondia wa kweli, anachoka kama yeye, na usiku analala akijua kwamba amefanya kazi. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepigwa.

Sisi watu wa Kilimanjaro tuna mfano wetu, ingawa shuleni tulifundishwa kipande chake kisicho na uzito. Tulikaririshwa kwamba Johannes Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya mlima wetu, tarehe 11 Mei 1848, kana kwamba babu zetu hawakuwa wakinywa maji yake tayari. Wasomi wa Ulaya walimcheka, kisha wakamheshimu, na jina lake likabaki limefungwa na mlima ambao haukuwa shabaha yake. Alikuja kutangaza Injili, na alikaa pwani, Rabai na jirani zake, kuanzia mwaka 1846 hadi 1875 bila kurudi kwao hata mara moja, akikusanya maneno ya lugha za huku kwa ajili ya kamusi, akiwa na waongofu wachache sana, mpaka macho yake yalipopofuka. Kwa hesabu ya alama za vema hakufanikiwa sana. Namtaja kwa sababu alijua alichokuja kufanya, na sifa ya mlima haikumbadilishia njia.

Mwaka 2023 sikuandika orodha. Nilisubiri Jumatano ya Majivu, iliyoangukia tarehe 22 Februari, nikaandika neno moja: kupatana na kaka. Mara moja niligundua ugumu wa lengo la namna hiyo, kwamba kupatana kunahitaji watu wawili na mimi nina mamlaka juu ya mmoja tu. Kwa hiyo nililigawa katika yale yaliyo mikononi mwangu. La kwanza lilikuwa kumwombea kwa jina kila asubuhi, na hapo nilitambua kwa aibu kwamba kwa miaka mitano maombi yangu juu yake yalikuwa mashtaka. Ilinichukua karibu wiki tatu kujifunza kumwombea afya na watoto wake bila kupitia kwenye masale. La pili lilikuwa kumpigia simu kila Jumapili jioni, apokee asipokee. La tatu lilikuwa kukiri mbele ya wazee wale wale kwamba nilisema uongo kuhusu ugonjwa wa baba.

Jumapili nne simu haikupokelewa. Ya tano alipokea mke wake, akasema, "Shemeji, kaka yako yuko nje na ng'ombe," nami nilisikia kikohozi cha kaka karibu na simu. Pasaka ilipita. Kwa vipimo vya zamani ningeandika kwamba lengo halikutimia, nikahamia jingine. Lakini kwa kuwa halikuwapo jingine la kuhamia, niliendelea kupiga.

Desemba nilipanda basi kwenda nyumbani kama Wachaga wote. Nilikwenda kwa baba mdogo, mzee pekee aliyebaki kati ya waliokuwapo kikaoni mwenye sauti ya kusikilizwa, nikamweleza nilichosema na kwa nini kilikuwa uongo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanituma nikachume jani la isale, kwa maana mmea ule ule tunaowekea mipaka ndio tunaoombea msamaha, jambo nililolijua tangu utotoni bila kuliwazia. Tulikwenda naye. Kaka alilipokea jani kwa mikono miwili, akaliweka mezani kando ya redio, akamwambia mkewe alete chai. Kuhusu baba alisema tu, "Nililala naye chumba kimoja miezi minne." Nilimjibu kwamba najua.

Mpaka bado uko pale ulipo, na mimi bado naamini kwamba hatua tatu ni zangu. Hatujalizungumza. Jumapili iliyopita alipokea simu mwenyewe, tukaongea kuhusu bei ya kahawa na mtoto wake wa tatu anayejiandaa kwa kipaimara, dakika tisa kwa jumla, kisha akasema ng'ombe wanamsubiri.